Nyumba Nzima Ilisema Kitanda

Binti yangu Wanjira alianguka kutoka ghorofa ya pili ya ploti ya baba mkwe wangu, pale Riruta, Jumamosi asubuhi nikiwa kazini. Alikuwa na miaka sita. Alianguka mara moja tu. Watu wa nyumba ile ndio wamemwangusha tena na tena tangu siku hiyo, na wote bado wanaitikia amina kanisani.

Kwanza uijue hiyo ghorofa. Baba mkwe anaitwa Njuguna, lakini tangu apate wajukuu sote tunamwita Guka, yaani babu. Ni mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na mwenye ploti. Zamani watu wa huku Dagoretti walikuwa wakiwagawia vijana wao shamba. Shamba limeisha, kwa hivyo siku hizi mzee anagawa ghorofa. Chini na ya kwanza ni za wapangaji, ila nyumba moja ya chini tunakaa sisi na wazee. Ya pili ilikuwa yetu, mimi na mume wangu Thuo, siku itakapoisha. Ya tatu ni ya Waithaka, mdogo wake Thuo, na hiyo bado ilikuwa hewa tu na nondo zimesimama wima.

Na vile wanavyojenga, ngai! Mpangaji anaingia chini kabla fundi hajatoka juu. Unapika ugali huku saruji inadondoka dirishani. Plasta inakuja kwanza, halafu milango, halafu tailesi ili wapangaji wapende. Reli ya roshani ndiyo ya mwisho kabisa, kwa sababu kwao reli ni urembo. Mimi nimeajiriwa kwa duka la vifaa vya ujenzi River Road, duka la Bwana Mohdhar, mtu wa Mombasa. Kutwa nauzia watu paipu za reli. Nilimwambia Guka nitamletea kwa bei ya mfanyakazi. Akaniita kwa jina, "Wangu, wewe kaa na jikoni. Reli itakuja." Watu wa kaunti walikuja, wakaandika X nyekundu ukutani, wakasema ujenzi usimame. Guka akanunua rangi ya krimu, akaifunika, na wiki iliyofuata mafundi wakarudi kazini.

Mama mkwe naye jina lake ni Wanjira. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba, hakuna mjadala. Huyu Shosho, yaani bibi, alimpenda huyo mtoto, siwezi kumsingizia. Alikuwa akimwita "mimi mdogo." Ukiingia kwake utasikia, "Mimi mdogo ameoga? Mimi mdogo anataka chai?" Na mtoto mwenyewe alikuwa na mdomo, wueh. Aliuliza kila kitu. Siku moja alimsimamisha pasta mlangoni akamuuliza kama Mungu ana shosho. Pasta akacheka, akasema hilo swali atalijibu Jumapili, na mpaka leo hajalijibu.

Basi Jumamosi hiyo niko kaunta, nahesabia mteja elbo, zile kona za paipu, simu ikalia. Ni Becky. Becky ni dada yake Thuo, wakili, ameolewa Loresho kwa watu wenye nyasi za kukatwa na mashine. Becky hanipigii simu hata Krismasi.

"Wangu, usishtuke," akasema. "Wanjira ameanguka kitandani. Wamempeleka kliniki ya hapo chini, daktari amemwona, ameandikiwa dawa ya maumivu. Yuko poa. Wewe maliza kazi tu."

"Kwa nini Thuo hajanipigia?"

"Si nimekupigia mimi? Maliza kazi."

Nilisimama na simu mkononi. Kilichonishtua ni ile sauti ya utaratibu, sauti ya wakili anayesoma kitu. Bwana Mohdhar aliniangalia usoni, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mtoto ameanguka kitandani, yuko sawa.

"Kama yuko sawa mbona bado umeshika simu?" akasema. "Nenda, mwanangu. Duka halina miguu, utalikuta hapa hapa."

Nikaenda. Nilipofika Riruta, kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mafundi hawapo. Jumamosi mafundi hufanya kazi mpaka alasiri, halafu wanapanga foleni kumsubiri Guka awalipe. Siku hiyo hakuna hata mmoja, na ule mlima wa mchanga uliokuwa chini ya jengo ulikuwa umefunikwa na karatasi ya nailoni vizuri kabisa, na mvua haikuwepo hata dalili. Nikapita.

Ndani, Guka alikuwa kwenye kiti chake na televisheni imezimwa. Thuo amesimama dirishani, mgongo kwangu. Shosho ameketi kwenye kochi, kichwa cha mtoto kiko mapajani pake, na mtoto amelala.

"Usimwamshe," Shosho akaninong'oneza. "Amechoka tu, maskini. Amelia sana."

"Alianguka wapi?"

"Kitandani," Guka akasema.

"Kitandani," Shosho akasema.

Thuo akazidi kuangalia nje.

"Kitanda gani?"

"Kile chetu cha chumbani," Shosho akasema. "Alikuwa anaruka-ruka."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Hicho kitanda nakijua. Mwaka jana magoti ya Shosho yalipoanza kumsumbua, Thuo alichukua msumeno akakata miguu ya kitanda ili mama yake asihangaike kupanda. Ukianguka kutoka kitanda hicho unafika chini kabla hujajua umeanza. Nilipiga magoti mbele ya kochi, nikapitisha vidole kwenye kichwa cha mwanangu. Nilikuwa nimemsuka mwenyewe Alhamisi, mistari midogo ya kurudi nyuma. Kati ya mistari kulikuwa na mchanga. Mchanga wa ujenzi, ule mkavu wa kukwaruza. Na nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na uvimbe laini, unabonyea.

"Wanjira," nikamwita. "Mami amekuja. Amka."

Alifungua macho. Aliniangalia kama mtu anayekukumbuka kwa mbali. Akasema, "Mami, kichwa," kisha akatapika kwenye kochi la Shosho na kwenye mikono yangu.

"Ni zile chapati," Shosho akasema haraka, akichukua kitambaa. "Nilimpa chapati baridi."

"Huu mchanga nao ni wa chapati?"

 Thuo akageuka, akaniambia, "Wangu, njoo hapa nje kidogo tuongee." Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilimbeba mtoto begani, sikumwacha, nikamfuata mpaka kwenye ngazi.

Na pale kwenye ngazi mume wangu akanieleza, akiangalia ukuta. Alikuwa amemwambia mtoto kwamba nyumba yetu mpya iko juu, na chumba chake ni kile chenye madirisha mawili. Asubuhi hiyo Wanjira alipanda peke yake kwenda kuona chumba chake. Akaona chumba, akatoka roshani, na roshani haina kitu. Aliangukia ukingo wa ule mlima wa mchanga, kichwa kikagonga mbao za mafundi. Alizimia. Halafu akaamka, akalia, akaomba maji, akatembea mwenyewe. Wakashukuru Mungu. Guka akampigia Becky kumuuliza wafanye nini. Becky akawaambia wampeleke kliniki, lakini waseme kitanda. Wakisema ghorofa, kliniki itaita polisi, polisi wataita kaunti, na kaunti itakuja na ile mashine ya njano ya kubomolea.

"Ni nyumba yetu, Wangu," Thuo akasema. "Si ya mtu mwingine. Ni yetu mimi na wewe."

"Kule kliniki mlisema nini?"

"Kitanda."

"Na daktari akafanya nini?"

"Alimmulika macho, akamgusa-gusa. Akasema watoto huanguka vitandani kila siku. Akasema akitapika tumrudishe."

"Alikuwa ametapika kabla sijafika?"

Akaendelea kuangalia ukuta.

"Thuo! Alikuwa ametapika?"

"Kidogo," akasema.

Nimeolewa na huyu mtu kwa mapenzi, hakuna aliyenilazimisha. Ni mpole, hanywi, hanipigi, na mbele ya baba yake hana mfupa hata mmoja. Nilimwambia alete gari la Guka mara moja au nipige nduru wapangaji wote watoke. Akaleta gari. Guka mwenyewe akashika usukani kwa sababu gari lake haliendeshwi na mtu mwingine, hata kama dunia inaisha. Shosho akaingia nyuma nami, akashika miguu ya mtoto. Njia nzima nilikuwa nikimwita Wanjira kwa jina, na kila nikimwita anachelewa zaidi kujibu, mpaka akawa anaguna tu.

"Wangu," Guka akasema bila kugeuka. "Tukifika, wewe umbebe mtoto. Maneno utatuachia sisi. Cia mũciĩ ti como. Ya nyumbani hayatandazwi."

"Mtoto ana mchanga kichwani, Baba."

"Nimesema."

Shosho akaniminya mkono. "Mwanangu, nielewe," akasema polepole. "Mzee ameweka maisha yake yote kwenye ile nyumba. Madaktari si ni madaktari? Wataona wenyewe mahali pagonjwa. Kwani wanahitaji kuambiwa?"

Hilo ndilo kosa lao lote, na naapa Shosho aliliamini kwa moyo mweupe. Alidhani daktari ni kama fundi wa gari, kwamba hata ukimdanganya ulivyoligonga, akifungua boneti atajionea. Hakujua kwamba kichwa cha mtoto hakifunguliwi hivi hivi, na kwamba kabla ya kukifungua watu wanauliza swali moja.

Hospitali kubwa siku ya Jumamosi, niwaambie nini. Pale kazualti kulikuwa na watu mpaka kwenye ngazi za nje. Mtoto alitapika tena tukiwa mlangoni, ikabidi nipige magoti nimweke ubavu asipaliwe. Nilipoinuka, Shosho alikuwa ameshafika dirishani mbele yangu na nesi ameshamuuliza.

"Ameanguka kitandani," nilimsikia akisema, sauti tamu, sauti ya ushirika wa akina mama. "Asubuhi. Sasa anasinzia tu."

"Kaeni kwenye benchi ile," nesi akasema. "Mtaitwa."

Benchi lilikuwa refu na limejaa. Mtoto mmoja amechomwa na uji, mwingine amemeza betri, mwingine mkono umepinda. Kila mmoja amewahi kabla yetu. Nikaangalia lile benchi, nikaangalia mwanangu ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake.

Nikapiga kelele. Sioni haya. Nilisema kwa sauti ambayo hata askari wa getini alikuja. "Hakuna kitanda! Alianguka kutoka ghorofa ya pili! Juu ya mbao! Alizimia! Hawa watu ni waongo, hakuna kitanda!"

"Wangu!" Guka akafoka nyuma yangu.

Nesi hakumwangalia Guka. Kibandiko chake kiliandikwa Rael, na sitalisahau hilo jina. Alitoka kwenye kile chumba chake, akamchukua mtoto mikononi mwangu bila neno. Na hapo ndipo niliona yale ambayo yangefanyika tangu asubuhi. Machela ikatoka sijui wapi. Mtu akamvisha kola ya shingo. Mwingine akakata fulana yake kwa makasi, ile fulana ya njano aliyoipenda. Daktari akaja mbio, mwanamume mrefu aitwaye Odero, akafungua macho ya mtoto na tochi. Mboni moja ilikuwa imepanuka na nyingine ndogo. Hata mimi niliiona. Daktari akasema kitu kwa wenzake kwa Kiingereza cha haraka, na machela ikaanza kukimbia.

Tulimfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha picha za kichwa. Dakta Odero akatugeukia.

"Nani alisema kitanda?"

Guka akaangalia viatu vyake. Thuo akaangalia viatu vya Guka. Shosho alianza kulia.

"Mtoto akianguka kitandani, mara nyingi tunamwangalia na tunangoja," daktari akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mtoto akianguka kutoka ghorofani, akazimia, akatapika, hatungoji hata kidogo. Sisi hatuoni ndani ya kichwa. Tunaanza na kile mnachotuambia."

"Yule wa kliniki pia alikuwa na macho," Guka akasema.

"Aliambiwa nini, mzee?"

Guka akarudi kuangalia viatu vyake. Mwanamume ambaye hajawahi kukosa neno kwenye mazishi yoyote Dagoretti nzima!

Damu ilikuwa imejaa kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto, ikikandamiza tangu asubuhi. Wakamfungua kichwa jioni hiyo hiyo. Niliketi sakafuni, Thuo akajaribu kuketi karibu nami, nikamwambia asinikaribie, nenda ukae na nyumba yako. Akaenda akasimama karibu na mashine ya maji. Sijui aliomba au alilia. Sikumwangalia.

Mwanangu aliishi. Watu wakiniambia nishukuru Mungu nawaambia nimeshukuru, na nimeshukuru kweli, kila asubuhi. Lakini Dakta Odero aliniita kando siku alipoamka, akaniambia upande ule uliokandamizwa ndio unaobeba maneno. Akasema kwamba saa zile zilizopotea zingesaidia. Akaanza kusema, "Kama angeletwa na habari kamili..." halafu akaniangalia, akaacha. Nilimshukuru kwa kuacha.

Wanjira wangu, aliyemtoa pasta jasho mlangoni, akawa hana neno. Unamwonyesha kikombe, unaona kabisa anakijua, macho yanakuambia anakijua, mdomo unafunguka na kufunga na hakuna kinachotoka. Halafu anakasirika, anapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa haumsikii. Anageukia ukuta. Mimi natoka nje ya wodi nalia kwenye choo, narudi nikitabasamu kama mjinga.

Daktari aliandika ukweli, kama sheria inavyosema. Polisi wakaja Riruta, kaunti wakaja, X mpya ikaandikwa juu ya ile rangi ya krimu, na mafundi wakafukuzwa. Hawakubomoa. Afisa wa watoto, mwanamke mmoja mtaratibu, alisema wazee wamesema kitanda na mama hakuwepo, kwa hivyo kesi itangojea. Mtoto akipata kusema, atamuuliza yeye mwenyewe, polepole, kwa upole.

Tangu hapo mimi nikawa adui. Hakuna aliyeniambia, lakini chai nilimiminiwa ya mwisho. Waithaka, ambaye ghorofa yake ya tatu ilikuwa bado hewa, aliacha kunisalimia kwa sababu nimemharibia hewa yake. Na Jumapili, Guka akasimama mbele ya kanisa, koti lake la kahawia, akaomba maombi kwa ajili ya mjukuu wake, "ambaye, kama mjuavyo, alianguka kitandani." Kanisa lote likasema amina. Thuo, kando yangu, akasema amina. Nilimwangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni maombi tu, Wangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hajafika Riruta. Huku njia ya mwongo ina lami na taa za barabarani, na kwaya inakusindikiza.

Kazini Bwana Mohdhar alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema.

"Huku kwetu, Bwana Mohdhar, mficha maradhi anakaa kiti cha mbele," nikamwambia. "Anayeumbuka ni mtoto."

 Aliniambia niwe nikitoka mapema kila nikitaka.

Mtoto alipotoka hospitali, Becky alikuja mwenyewe. Hakuvaa viatu vya kisigino siku hiyo. Akasema Loresho kuna utulivu, kuna bustani, na kuna mtaalamu wa kufundisha watoto kuongea upya ambaye anaweza kuja nyumbani kila siku. Hospitalini tungepata zamu mara moja baada ya muda mrefu, na daktari alikuwa amesema miezi ya mwanzo ndiyo ya maana. Kwa hivyo nilikubali. Ungekataa wewe? Ningempeleka hata kwa shetani mwenyewe kama anajua kufundisha maneno. Mimi lazima niende kazini, kwa hivyo Shosho akahamia Loresho kukaa na mtoto. Mimi nikawa naenda Jumapili na siku nikipewa ruhusa.

Na ukweli usemwe, alimtunza. Alimlisha, alimnyoosha ule mkono wa kulia kwa mafuta ya moto, alimbeba mgongoni bustanini na yale magoti yake mabovu. Niliona mtoto anaanza kurudi. Neno la kwanza lilikuwa "maji." La pili lilikuwa "hapana," na nikasema afadhali, huyu ni wangu. Siku aliyosema "mami" niliubusu mdomo ule ule. Lakini yalikuwa maneno pweke-pweke. Mawili hayakukaa pamoja.

Mtaalamu anaitwa Jackie, msichana mchangamfu wa kuvaa miwani. Alitueleza njia yake. Tuchague sentensi moja, ya kitu kinachomhusu mtoto mwenyewe, na tuirudie naye kila siku kwa mdundo, tukigonga meza, asubuhi na jioni, mpaka mdomo uizoee. Sentensi moja ikifunguka, nyingine zitafuata. Na akatuonya: chochote atakachosema, kibovu kizuri, msimkosoe. Mtoto wa namna hii ukimkosoa siku amejaribu, anajifunga, na kumfungua tena ni kazi ya miezi.

Nilichagua mimi. "Naitwa Wanjira, nakaa na mami." Nilimfundisha Shosho mdundo wake, tukagonga meza pamoja, hata tukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile mimi na yeye kucheka. Jioni hiyo nilirudi Riruta nikijiambia, labda tutapona sote.

Afisa wa watoto alinipigia Ijumaa moja, akasema amesikia mtoto anaanza kusema na angependa kumwona Jumatatu. Nikawaambia wote wa nyumbani. Sikufikiria kitu.

Jumapili yake Jackie akasema ana zawadi ya kutuonyesha. Tukakusanyika sebuleni kwa Becky: Becky, Thuo, mimi, Shosho, na Guka ambaye alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Wanjira alisimama katikati, ameshika kiti kwa mkono wa kushoto, nywele zimeanza kuota juu ya kovu. Alikuwa na gauni jipya. Jackie akapiga magoti mbele yake, akaanza kugonga meza taratibu.

"Haya, bingwa. Ile sentensi mnayofanya na shosho. Mwonyeshe mami."

Mtoto akavuta pumzi. Mdomo ukahangaika, ukapinda upande ule unaopinda, ukafunga, ukafunguka. Jackie akaendelea kugonga. Nilikuwa nimeshika vidole vyangu mpaka vinauma, naomba, sema, mama, sema.

"Ni-li-anguka," Wanjira akasema. Akapumua. "Kitandani. Kwa shosho."

"Sentensi nzima!" Jackie akaruka. "Jamani, sentensi nzima! Mmesikia?"

Wakapiga makofi. Guka akasema Bwana asifiwe. Becky alipiga makofi huku anaangalia bustani. Thuo alipiga, akaacha, akapiga tena. Shosho hakupiga. Alikuwa ameketi na mikono mapajani, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Aliniangalia moja kwa moja, na hakugeuza macho hata niliposubiri ayageuze. Asubuhi na jioni, kwa mdundo. Alikuwa ameifanya ile kazi kwa bidii na kwa mapenzi, siku kwa siku, na mtoto wangu alikuwa amehangaika na ule mdomo wake uliopinda kuyabeba maneno yao.

Nilihisi nduru ikinipanda, ile ile ya kazualti. Nilitaka nivunje kila sahani ya Loresho. Nilitaka nimshike mwanangu mabega nimwambie hapana, si hivyo, ulikwenda kuona chumba chako.

Lakini alikuwa ananiangalia. Katikati ya kelele zote aliniangalia mimi tu, amejikaza, jasho kwenye paji la uso, akingoja kuona kama amefanya vizuri.

Nikapiga makofi.

Uso wake wote ukafunguka. Akaachilia kiti, akasimama wima, akaisema tena, safari hii bila mtu kumgongea meza.